Rafadha Ipimwe kwa Mzigo, Si kwa Kasi

Mtu ameelea chali ziwani, miguu imefungwa kwenye ubao mmoja, mikono imeshika mpini wa kamba. Mbele yake, umbali wa mita ishirini hivi, boti inanguruma. Dereva anasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho. Omo inainuka hata dereva haoni tena ziwa, anaona mawingu tu. Injini inalia kwa sauti nzito, maji ya nyuma yanachafuka povu, lakini boti haipandi maji, yaani haiinuki ikateleza juu yake. Yule wa kwenye kamba anaburutwa kama gunia la mkaa, mikono inamchoka, anaachia.

Injini ya boti hiyo ina nguvu za farasi 350 au zaidi, na boti mpya ya aina yake huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 100,000. Kilichoikwamisha ni kipande cha chuma chenye upana wa sinia dogo la wali, kilichofungwa chini ya tumbo lake mahali ambapo hakuna anayekitazama. Kwa Kiswahili cha vitabuni kinaitwa rafadha. Wavuvi wengi husema propela, na wapo wanaosema pangaboi. Bei yake ni dola mia kadhaa. Mwenye boti aliyekwama namna hii mara nyingi hukimbilia kufikiria injini kubwa zaidi, na huko ndiko fedha nyingi hupotea bure.

Mchezo wenyewe, wekibodi, si wa zamani. Kuvutwa na boti juu ya mbao mbili kulianza mwaka 1922, kijana Ralph Samuelson alipozifunga miguuni kwenye Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota. Kwa miaka mingi iliyofuata sifa ilikuwa kwenye kasi: mabingwa wa kuteleza kwa zigizaga walivutwa kilomita 58 kwa saa, na boti yao ilitakiwa iache wimbi dogo kadiri inavyowezekana, kwani wimbi liliwasumbua. Kisha mwaka 1985, huko San Diego, Tony Finn akauza ubao aliouita Skurfer, na mwaka 1990 Herb O'Brien akatoa ubao mwembamba wa Hyperlite uliozama kidogo na kuinuka kwa urahisi. Vijana wakahama. Hawakutaka tena kasi. Walitaka wimbi kubwa la kuwarusha hewani, na mwendo wa kilomita 30 hadi 38 kwa saa uliwatosha.

Wimbi kubwa hutoka kwenye boti nzito. Hapo watengenezaji wakarudia jambo ambalo manahodha wa majahazi wamelijua kwa karne nyingi: farumi. Jahazi lisilo na shehena hutiwa mchanga au mawe tumboni ili litulie baharini. Boti ya wekibodi hutiwa maji ya ziwa lenyewe, kwa pampu, kwenye mifuko na matangi yaliyofichwa chini ya viti. Kilo 500 ni jambo la kawaida, na boti kubwa za leo hupita tani moja kwa raha. Ongeza watu kumi, mafuta na vinywaji, na boti iliyozaliwa kukimbia inakuwa punda wa mizigo. Kama bado imevaa rafadha ya enzi za kukimbia, itakwama kama ilivyokwama ile ya mwanzo wa makala haya.

Rafadha husomwa kwa namba mbili, zote za inchi. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mabawa yake. Ya pili huitwa pichi. Ukiichukulia rafadha kuwa parafujo inayoingia kwenye ubao laini, pichi ni umbali ambao parafujo hiyo ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja. Rafadha ya 14.5 kwa 14.25 ina kipenyo cha inchi 14.5 na ingesogea inchi 14.25 kila inapozunguka. Maji hayana ugumu wa ubao, hivyo sehemu ya mwendo huo hupotea kwa mtelezo, na boti ikiwa nzito na ya polepole mtelezo huwa mkubwa zaidi.

Hesabu yake haihitaji chuo. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia ikaugawa mzunguko huo kwa 1.5, rafadha huzunguka mara 3,333. Kwa pichi ya inchi 14, boti isiyo na mtelezo wowote ingekwenda kilomita 71 kwa saa. Sasa mtu anayevutwa kwa kilomita 35 kwa saa anafaidi nini na uwezo huo? Hafaidi kitu. Ni sawa na dereva wa lori la mizigo anayejaribu kupanda Mlima Kitonga kwa gia ya tano. Akishuka gia, lori lilelile, lenye injini ileile, linapanda.

Kupunguza pichi ndiko kushuka gia. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila inchi moja ya pichi inayoondolewa huongeza mizunguko ya injini kati ya 150 na 200 kwa dakika, na kila inayoongezwa huipunguza kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana boti nyingi za kuvuta zilihama kutoka rafadha ya mabawa matatu kwenda ya mabawa manne, yenye kipenyo kikubwa na pichi ndogo. Mabawa manne hushika maji vizuri zaidi mzigo unapokuwa mkubwa. Kipenyo kikubwa husukuma maji mengi kwa utulivu badala ya kurusha maji machache kwa fujo, na ndiyo sababu boti za kuvuta meli bandarini hufungwa rafadha kubwa kupita kiasi ukizilinganisha na umbo lake. Boti ya wekibodi iliyobadilishiwa rafadha hivyo itapoteza kilomita kadhaa za kasi ya mwisho. Kwa kazi yake, hasara hiyo haina uzito wowote.

Jambo la tatu halionekani kwenye namba, ila kidole hulipata. Pitisha kidole kwa uangalifu kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, pale maji yanapoagana nalo. Kwenye rafadha nyingi za boti za kuvuta utakuta ukingo umekunjwa kidogo sana, kama mdomo wa kijiko. Kikunjo hicho huzuia maji yasiteleze mapema, na kazi yake ni kama kuongeza pichi. Rafadha mbili zenye namba zinazofanana lakini vikunjo tofauti zitafanya kazi tofauti kabisa, na mnunuzi asiyejua atadhani ameuziwa bandia.

Ulinganishaji wa rafadha umeanza siku nyingi, na umewaaibisha wajuaji tangu mwanzo. Mwaka 1836 mkulima Mwingereza, Francis Pettit Smith, alipata hataza ya rafadha ya mbao yenye umbo la parafujo ndefu iliyojiviringisha mara mbili kamili. Akiijaribu kwenye mfereji wa Paddington, London, mwaka uliofuata, ilivunjika, ukabaki mviringo mmoja tu. Boti ikaongeza kasi. Kile alichokiona kuwa sehemu muhimu ya uvumbuzi wake kilikuwa kikiburuza maji bure. Smith alikuwa na hekima ya kukubali alichoonyeshwa na maji, akabadilisha mchoro.

Miaka michache baadaye Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilikuwa likipima kama rafadha ingeweza kushinda magurudumu makubwa ya kasia yaliyofungwa ubavuni mwa meli za mvuke. Mwaka 1845 meli mbili zenye nguvu zinazokaribiana, Rattler ya rafadha na Alecto ya magurudumu, zilifungwa kamba tezi kwa tezi, kila moja ikaamriwa ivute upande wake. Rattler iliivuta Alecto kinyumenyume kwa mwendo wa zaidi ya noti mbili, magurudumu ya Alecto yakiendelea kupiga maji kwenda mbele. Kamba na mzigo vikamwonyesha kila mtu mshindi. Jeshi lilikuwa limekwisha kuzishindanisha kwa mbio pia, lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya meli iliyozidiwa kwa kuvutwa.

Leo wamiliki makini wa boti za wekibodi hufanya jaribio la namna hiyo, kwa utulivu zaidi. Hujaza farumi yote na watu walewale, siku moja, mafuta ya kiwango kilekile. Hupima kila rafadha kwa kwenda na kurudi ili upepo usidanganye. Huandika sekunde ambazo boti inachukua kupanda maji, mizunguko ya injini kwenye mwendo wa kuvuta, mafuta yanayotumika kwa saa kwenye mwendo huohuo, na mizunguko ya juu kabisa mkono wa mafuta ukiwa mwisho. Hiyo ya mwisho ndiyo hukumu. Kila mtengenezaji wa injini huandika kwenye kitabu chake mizunguko ambayo injini inapaswa kufika ikifunguliwa yote. Isipofika, rafadha ni nzito mno kwa mzigo ule. Ikipita, ni nyepesi mno.

Viwanda navyo vimechangia kuufanya ulinganisho huu uwe wa kuaminika. Zamani rafadha ilimiminwa kwenye kalibu kisha ikamaliziwa kwa mkono, na bawa moja lingeweza kutofautiana na jenzake. Kampuni kama ACME ya Big Rapids, Michigan, huzikata kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, kutoka kwenye mchanganyiko wa nikeli, alumini na shaba, hivyo mabawa yote manne hufanana na mtikisiko hupungua. Ni kazi nzuri inayostahili sifa. Lakini rafadha iliyokatwa vizuri namna gani, ikifungwa kwenye boti isiyoifaa, haifai.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la wachezaji wa Marekani peke yao.

Tuanze na mwinuko, hukohuko Marekani. Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, ni moja ya maziwa mashuhuri kwa boti za kuvuta. Liko takribani mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Boti iliyonunuliwa kwa ajili ya Florida, ikifika Tahoe, imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kabla haijagusa maji. Wauzaji wa eneo hilo wanalijua hili, na muuzaji makini humuuliza mteja ni ziwa gani atalitumia. Jibu huamua pichi.

Ziwa Naivasha nalo liko takribani mita 1,890. Boti za faiba zinazowapeleka wageni kuwaona viboko huko zinapumua hewa ileile ya Tahoe. Ziwa Kivu liko mita 1,460, na injini hapo hupoteza karibu moja ya saba ya nguvu zake. Ziwa Victoria liko mita 1,134, na Tanganyika mita 773. Kwa hesabu hiyo mashine ya arobaini inayosukuma mtumbwi wa dagaa nje ya Ukerewe ina nguvu za farasi thelathini na tano hivi, ilhali dada yake aliyefungwa boti ya Kilindoni, kisiwani Mafia, anazo zote arobaini. Wawili hao hawapaswi kuvaa rafadha moja. Mteja wa Mwanza na mteja wa Tanga wanastahili kuulizwa maswali tofauti dukani, na kuuliza hakugharimu kitu.

Mvuvi ana farumi pia, ingawa haiiti hivyo. Boti inaondoka jioni na watu sita, nyavu, barafu, taa, betri na madumu ya petroli. Inarudi alfajiri petroli imepungua, samaki wameongezeka, nyavu zimelowa na uzito wake umezidi. Rafadha iliyojaribiwa boti ikiwa tupu, fundi mmoja na mwenye mali wakizunguka mbele ya mwalo kufurahia kasi, haijajaribiwa chochote. Mashine ikilemewa safari nzima, ikilia kwa sauti nzito bila kufika mizunguko yake, joto hupanda, masizi hujijenga kwenye pistoni, plagi huchafuka kila wiki, na petroli huisha kabla ya hesabu. Mwenye mashine humlaumu aliyemuuzia mafuta. Wakati mwingine ana haki. Lakini mashine ya arobaini iliyozuiwa isifike mizunguko yake haitoi nguvu za farasi arobaini, hata petroli iwe safi kama maji ya dafu.

Namba zipo, zimegongwa kwenye chuma. Vuta pini ya kufungia iliyopinda kwenye nati, fungua nati, toa washa, vuta rafadha taratibu kutoka kwenye shafti yenye meno. Kwenye rafadha za Yamaha za daraja la mashine ya arobaini utakuta maandishi kama 11 1/8 x 13-G. Herufi ni ya aina ya kitovu, kwa hiyo isipolingana haitaingia. Zipo nyingine za kitovu hichohicho zenye 11 3/8 x 12 na 11 5/8 x 11. Tazama zinavyopangana: pichi inashuka, kipenyo kinapanda. Ya mwisho ndiyo ya mzigo, na wavuvi wengi wa maziwa wangefaa kuanza na hiyo.

Ukiwa umeitoa, tazama nyuma yake. Mara nyingi utakuta uzi wa nailoni wa nyavu umejizungusha kwenye shafti, umebana kama nywele kwenye kitana. Uzi huo hukata sili polepole, maji huingia kwenye gia, na mafuta ya gia hubadilika rangi yakawa kama maziwa. Akiona rangi hiyo mapema, fundi hubadilisha sili. Akiiona kwa kuchelewa, hubadilisha gia nzima.

Kuhusu chuma cha kutumia, kuna ushauri unaorudiwa sana ambao hauwafai watu wa mwambao: kwamba rafadha ya chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko ya alumini, basi. Ni kweli haipindi kirahisi, na mabawa yake membamba hupunguza upotevu wa nguvu majini. Kwa boti ya ziwa lenye kina kirefu au boti ya doria ya bahari kuu, inafaa. Lakini Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita nne wakati wa bamvua, na njia iliyokuwa salama asubuhi mchana ni matumbawe. Bawa la alumini likigonga jiwe hupinda au huvunjika, na bei yake inavumilika. La chuma kigumu likigonga huenda lisipinde, na kishindo kikubwa zaidi kinaingia kwenye shafti na gia. Kwa sababu hiyo hiyo, tabia ya kuchomeka msumari mahali pa pini iliyokatika kwenye mashine ndogo iachwe. Pini imewekwa ili ikatike yenyewe, gia zibaki salama.

Fundi anayenyoosha bawa kwa nyundo na kulijaza kwa kuchomelea anafanya kazi ya heshima, na wengi hawana njia nyingine. Ila bawa moja likirudi na mwinamo tofauti na mengine, rafadha hutikisika, na mtikisiko huo ndio unaoua beringi na sili. Kibao cha mbao kilichokatwa kwa kufuata bawa zima, kikalinganishwa na lililonyooshwa, kingewasaidia mafundi wetu sana.

Serikali ya Tanzania na ya Zanzibar zimekuwa zikiwakopesha wavuvi boti za faiba na mashine zake miaka ya karibuni. Ni mpango mwema. Unaweza kuboreshwa kwa vitu viwili ambavyo bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya boti: takomita ya kuonyesha mizunguko ya injini, na rafadha ya pili yenye pichi ndogo kwa inchi moja au mbili. Wapo watakaosema mvuvi hana muda wa kusoma mishale, na kwamba sikio la nahodha linatosha. Sikio la nahodha mzoefu ni kitu cha thamani, lakini tofauti ya mizunguko 300 katikati ya upepo na kelele za mashine haisikiki, ilhali mshale huionyesha. Wengine watasema rafadha ya pili ni gharama mara mbili. Lakini mwenye boti yenye rafadha moja, ikivunjika mwambani, hupiga kasia au husubiri kuvutwa. Ya akiba hukaa chini ya benchi, na haidai chochote.

Jaribio lenyewe halimalizi hata nusu saa. Boti ipakiwe kama inavyokwenda kazini: watu wote, nyavu zilizolowa, barafu, madumu yaliyojaa. Itolewe mpaka maji mazuri, mkono wa mafuta ufunguliwe wote, boti ipewe muda wa kutulia kwenye mwendo wake, kisha mmoja asome mshale na mwingine aandike. Kama kitabu cha mashine kinasema 4,500 hadi 5,500 na mshale umekwama kwenye 4,100, nahodha arudi pwani, rafadha ibadilishwe kwa ile ya pichi ndogo, shafti ipakwe grisi, pini mpya ipindwe vizuri kwenye nati, na boti itoke tena ikiwa na mzigo uleule.